Kumwamsha Mtu Aliyepigwa na Tawi

Niliondoka nyumbani kwa shangazi yangu, pale Kindu, kabla hajaamka. Hatukuwa tumegombana. Niliamka tu nikaona miguu inataka kwenda, nikaifuata. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tano, na tangu hapo sikukaa mahali pamoja zaidi ya nusu mwaka. Kwenye kinu cha mpunga nilikaa mpaka nikajua kila mkanda unazungusha nini. Stesheni nilipakia mizigo mpaka nikajua kwa nini behewa la nyuma linayumba kuliko mengine. Nikishajua, hamu inaisha, nami naondoka.

Nilivuka Lualaba kwa kivuko cha kwanza. Upande wa pili lori la mfanyabiashara mmoja wa Butembo lilikuwa linapakiwa chumvi, sabuni na vitenge, liende upande wa Pangi na Kama. Nikasalimu, nikaanza kubeba magunia bila kuulizwa.

"Weye unaenda wapi?" dereva akaniuliza gunia la tano lilipofika juu.

"Kule gari inaenda."

"Kwa nani?"

"Sijui bado."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Sikilizeni huyu! Watu wanatafuta gari, yeye anatafuta safari. Panda, sitwayen."

Siku zile za chama kimoja ndivyo tulivyotakiwa kuitana sote, sitwayen, yaani mwananchi, mwenye lori na mbeba gunia sawasawa.

Juu ya mizigo nilikaa karibu na mwanaume wa miaka kama thelathini na mitano, mchimba dhahabu wa Kama. Alikuwa amekuja Kindu kununua makoleo na dawa ya mtoto, sasa anarudi. Alinipa karanga, akaniita mudogo, nami nikamwita yaya, kama tunavyomwita ndugu mkubwa. Nikaanza kumuuliza. Shimo lina kina gani? Mnajuaje kwamba ukuta hautaanguka? Udongo unapandishwaje?

"Ee mudogo, unauliza kama askari," akasema, lakini alifurahi. Akageuka kunielekea, mgongo wake mbele ya safari, ili anionyeshe kwa mikono miwili jinsi wanavyokaza miti kwenye kuta za shimo. Sisi wengine tuliinama tawi lilipokuja. Yeye hakuliona. Lilimpiga juu ya sikio la kushoto, akaangukia magunia ya chumvi bila kutoa sauti.

Nimelibeba jambo hilo miaka yote hii. Aligeuka kwa sababu ya swali langu.

Alizimia kwa muda wa watu kupiga kelele, lori kusimama na dereva kupanda juu. Kisha akafungua macho, akatapika, akaketi. "Tumefika wapi?" akauliza. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika, halafu akauliza tena, "Tumefika wapi?" Aliuliza mara saba au nane, kila mara kwa uso uleule wa mtu anayeuliza mara ya kwanza.

"Amezinduka," dereva akasema. "Twende. Atalala, atapona."

Hapo gari dogo la misheni likatokea mbele yetu, linakwenda Kindu. Padri aliyekuwa ndani alitazama uso wa yaya akasema atampeleka hospitali, lakini mtu amsindikize. Juu ya lori kila mmoja alikuwa na mahali pa kufika. Mwanamke mmoja alikuwa anawahi kilio, msiba wa mama yake, mwingine alikuwa na kuku kumi ndani ya tenga. Wote wakanitazama.

"Weye hauna safari," dereva akaniambia. "Utapoteza nini?"

Nikashuka naye.

Hospitalini alitupokea muuguzi mmoja, mama wa makamo, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Siku ile alikuwa peke yake kwa wodi mbili. Nilidhani ataanza na kidonda, kwa sababu damu ilikuwa imekauka mpaka shingoni. Hakukishughulikia kwanza. Alimtazama usoni kwa muda, kama mtu anayemtazama mgeni ili amkumbuke baadaye. Akamulika jicho moja kwa kurunzi, kisha la pili, kisha akarudi kwenye lile la kwanza. Akampa vidole vyake viwili katika kila mkono.

"Kaza. Kaza sana. Nivunje."

Yaya akakaza. "Nitakuumiza, mama."

"Niumize, nione."

Akamuuliza jina lake, akataja. Akamuuliza yuko wapi, akasema sokoni. Akamuuliza nani amemleta, akaninyooshea kidole: "Huyu mutu wa maswali." Yule mama akatabasamu kidogo, akaandika yote katika daftari la shule lililopigwa mistari. Aliandika hata lile neno la sokoni. Kisha ndipo akasafisha kidonda.

Yaya akalalamika kichwa kinamuuma, akaomba kitu cha kumlaza. Muuguzi akakataa. Nikaona ni ukatili, nikamwambia.

"Nikimpa dawa ya usingizi," akasema, "nitakuwa nimefunga dirisha langu mwenyewe. Nitaona nini? Kichwa ni nyumba isiyo na mlango, mwanangu. Mtu akivuja damu tumboni, tumbo linajaa, unaligusa. Huyu akivuja ndani, mfupa haujai. Nitajua kwa namna anavyonijibu tu."

Akanieleza, huku akinawa mikono, kwamba mtu akipigwa kichwani anaweza kuamka, akaongea, akacheka, hata akaomba chakula, na wakati huohuo damu inakusanyika polepole chini ya mfupa na kuubana ubongo. Ndugu wanamwona anaongea, wanamrudisha nyumbani. Anajilaza, wanamwacha apumzike. Anakoroma, wanafurahi kwamba usingizi ni mzito. "Mimi pia niliwahi kufurahi," akasema. "Mwaka wangu wa kwanza. Nilipita kitandani mara tatu nikasema, asante Mungu, analala. Kukoroma kule kulikuwa kwaheri." Hakuongeza neno juu ya mgonjwa yule, nami, pamoja na udadisi wangu wote, sikuuliza.

Katika hospitali zetu mgonjwa halazwi peke yake. Kuna ndugu anayekaa chini ya kitanda, anayepika nje, anayefua, anayemgeuza mgonjwa. Yaya hakuwa na ndugu Kindu. Ikawa mimi. Muuguzi akanipa kazi. Hapakuwa na saa ukutani, nami sikuwa nayo mkononi. Akachukua chaki, akachora mistari sakafuni pale mwanga wa dirisha ulipokuwa unatembea, mstari mmoja baada ya mwingine.

"Jua likigusa mustari, muamshe," akasema. "Hata akikutukana. Hasa akikutukana. Muulize, umusikilize. Ukiona amebadilika, niite. Niko wodi ya akina mama, ng'ambo ya uwanja."

"Nimuulize nini?"

"Chochote. Aongee." Mtu alikuwa tayari anamwita nje. Akaenda.

Baadaye alisema kosa lilikuwa lake, kwa neno lile la "chochote." Mimi najua lilikuwa langu.

Mstari wa kwanza nilimwamsha, akaniambia niende nikaulize mti. Mstari wa pili akasema kichwa kinapasuka, na kwamba nina sura ya mbuzi aliyekosa soko. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakacheka. Mstari wa tatu alichelewa kujibu, akajibu nusu, akageuka ukutani. Nilihisi vibaya kumsumbua. Joto la mchana lilikuwa limetanda wodini, kila mtu anasinzia, naye alionekana ametulia kuliko asubuhi. Mstari wa nne nikamwita, akaguna tu. Nikamtikisa bega. Akaguna tena.

Nikatafuta kitu cha kumchangamsha. Na kitu kilichokuja ni kile kilichokuwa midomoni mwetu sote miaka ile. Kila asubuhi, shuleni, ofisini, stesheni, tulisimama mbele ya bendera, tukapiga makofi, mmoja akatoa mwito wa chama nasi tukaitikia. Mwito uliuliza vyama ni vingapi, viongozi ni wangapi, na jibu halikubadilika: moja, moja. Nilikuwa nimeitikia hivyo kabla ya kujua kusoma. Basi nikapiga makofi mawili nikautoa ule mwito, kwa mzaha, nikiiga sauti ya mkuu wetu wa stesheni.

"Moja!" yaya akaitikia, macho yamefumba.

Wodi nzima ikalipuka kwa kicheko. Nikautoa tena. "Moja!" akasema, kwa mdundo uleule, mahali palepale panapotakiwa. Mzee wa kitanda cha pembeni, mwenye mguu uliovunjika, akaanza kupiga makofi juu ya bati la chakula. "Huyu hafi," akasema. "Huyu chama imemushika!"

Nikatoka mpaka mlangoni, nikamwona muuguzi akivuka uwanja na ndoo mkononi. Nikapaza sauti: "Anaitikia, mama! Anaitikia vizuri sana!" Akainua mkono, akaendelea.

Mstari wa tano nikafanya vilevile. Akaitikia, chini zaidi, lakini akaitikia. Nikaketi nikijiona mtu wa maana. Nilifikiri: kumbe uuguzi si mgumu.

Muuguzi aliingia kabla ya mstari wa sita, anajifuta mikono. "Tuone," akasema. Akainama karibu na sikio la yaya, akaita jina lake. Yaya akaguna. Akaminya nyama ya bega lake kwa nguvu mpaka mimi nikasisimka, na yaya akafumbua jicho moja. Muuguzi akamwekea vidole vitatu mbele ya uso.

"Hivi ni vingapi?"

"Moja."

Mtu mmoja akacheka nyuma yetu. Muuguzi akaongeza cha nne.

"Sasa?"

"Moja."

"Huyu kijana ni nani?"

Yaya akanitazama, au akatazama mahali nilipokuwa. "Moja," akasema.

Hapo hakuna aliyecheka. Mzee wa mguu akaliweka bati lake chini taratibu. Muuguzi alikuwa ameshatoa kurunzi. Akafungua jicho la kulia, kiini cheusi cha jicho kikajikunja kama inavyotakiwa. Akafungua la kushoto. Kiini kilikuwa kimefunguka kama mdomo wa chupa, mwanga unaingia nacho hakijali. Akaingiza vidole vyake katika viganja vya yaya. Mkono wa kushoto ukakaza. Wa kulia ulibaki kama kitambaa.

Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze. Alifungua daftari lake, akalitazama, akanishika ukosi wa shati.

"Unajua nyumba ya daktari? Ile ya varanda, baada ya posta. Kimbia. Ni saa yake ya kula, watakuzuia mlangoni. Usiseme kuna mtu anaumwa kichwa, wanaoumwa kichwa ni wengi. Sema hivi: jicho la kushoto limefunguka, mkono wa kulia umelegea, saa tano alikuwa ananivunja vidole. Sema hayo tu."

Nikakimbia. Mlinzi wa daktari alinizuia getini kama alivyosema. "Daktari anakula, sitwayen. Wewe hauna adabu?" Nikayapaza yale maneno matatu juu ya bega lake: jicho, mkono, saa tano. Nikasikia kiti kinasukumwa ndani. Daktari akatoka bado ana kitambaa shingoni, akanipita bila salamu, na mimi nikarudi nikimfuata mbio.

Walimtoboa mfupa alasiri ile, kwa kekee ya mkono iliyochemshwa ndani ya sufuria. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya nje. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikutaka kujua kitu kinafanywaje. Nilikuwa naiona ile mikono yake miwili hewani juu ya lori, ikinionyesha miti ya shimo, na naisikia ile "moja" yake, na wodi yote inacheka nami katikati nimefurahi. Niliwaza mke wake wa Kama, ambaye sikumjua, anasubiri makoleo na dawa ya mtoto.

Muuguzi alipotoka, aliketi ngazi ya juu yangu. Viatu vyake vilikuwa na matone.

"Damu imetoka," akasema. "Nyeusi, nyingi. Nimemfinya, amekunja uso na kuusukuma mkono wangu."

"Ni vizuri?"

"Ni vizuri sana. Asubuhi nitajua kama ni vizuri kweli."

Kisha nikamwambia: "Lakini alikuwa anaitikia, mama."

Akatazama kushoto na kulia, kwa sababu zamani zile ulitazama kabla ya kusema jambo kama hili, akapunguza sauti. "Kile ulichokikariri miaka yote hakikai pamoja na akili nyingine. Sala, nyimbo, matusi, mwito. Mtu anaweza kuwa ameshaondoka ndani, na hivyo vikabaki kwenye baraza vinaongea peke yavyo. Nimemwona mwanamke anasema rozari yote, hajui kwamba ana mtoto. Usimuulize mtu kitu anachokijua bila kufikiri. Muulize kitu cha leo. Viatu vyako viko wapi? Aliyepita hapa sasa hivi alivaa nini? Hapo atalazimika kurudi ndani kutafuta. Ukimsikia anatafuta, yupo."

Nimesikia watu wengi wakisema mambo makubwa juu ya miaka ile. Mimi, ningeulizwa, ningesema hayo aliyoniambia muuguzi kwenye ngazi, ingawa yeye alikuwa anaongea juu ya mgonjwa mmoja tu.

Yaya aliishi. Tulikaa hospitalini wiki tano, na kwa wiki tano sikuhisi miguu inataka kwenda. Nilijifunza kuinua kichwa cha kitanda kwa matofali mawili, shingo inyooke, isijikunje upande, kwa sababu shingo iliyokunjwa inazuia damu kuteremka. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya muda ili ngozi isioze, na kutomtia maji mdomoni kabla hajaweza kumeza. Hilo la maji lilikuwa gumu kuliko yote, maana akina mama waliokuja kuwaona wagonjwa wengine walimhurumia, na kila niliponyanyuka mmoja alikuwa anakuja na kikombe. Nikageuka askari kweli. "Huyu mutoto ana roho mbaya," waliniambia. "Anamunyima mutu maji." Muuguzi akasema niwaache wanitukane, mapafu ya yaya yatanishukuru.

Kazi yake, aliniambia siku moja, si kumlinganisha mgonjwa na mtu mwenye afya. Ni kumlinganisha na yeye mwenyewe. Mtu wa saa nne na mtu wa saa tano. Kama wa saa tano anajua kidogo zaidi, tunashukuru. Kama anajua pungufu, hata kidogo tu, tunakimbia. Ndiyo sababu ya daftari. Daktari alikuwa na kekee, lakini bila daftari lile asingejua ni saa gani ya kuichemsha.

Kidonda kilifunga. Yaya akatembea, kwanza akivuta mguu wa kulia, baadaye kidogo tu. Akala. Akanitukana tena, nikafurahi. Lakini hakuwa yule wa juu ya lori. Alikuwa analia bila sababu katikati ya kula. Aliweza kuniuliza jambo, nikamjibu, akaliuliza tena. Kelele zilimchoma. Siku walipoangusha sinia mlangoni alimrushia mzee wa mguu kikombe, kisha akakaa ananitazama kwa aibu, hajui kilichomfanya arushe.

"Atapona?" nikamuuliza muuguzi.

"Atapona kiasi. Mwaka, miaka miwili. Labda si yote." Alikuwa anakunja bandeji zilizofuliwa. "Mtu aliyevunjika mguu, watu wanaona gongo lake, wanampisha njia. Huyu nywele zitaota juu ya kovu, basi. Watasema amepona, sasa ni mvivu. Watasema anakunywa. Watasema amerogwa, au ameroga. Mke atachoka, ndugu watamrudisha shimoni, na shimo kwake ni kifo: joto, kuinama, jiwe moja tu kichwani. Nimewatoa hai watu kama huyu, mwanangu, na nyumbani wakawapoteza."

Alikuwa amemtumia mke ujumbe kwa madereva mara tatu. Hakuna aliyekuja. Mtoto alikuwa mgonjwa, tulijua. Barua isingesaidia, mke hakusoma, na yaya angeipoteza kabla ya kivuko.

"Nitakwenda naye," nikasema. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajaanza kukunja bandeji.

Jioni nikajikumbusha yote aliyonifundisha, asubuhi nikasimama mbele yake nikaanza kuyasema kwa mpangilio. Akanikatiza.

"Sitaki uniimbie. Mko njiani, gari imesimama, amekataa kupanda na anapiga kelele. Unafanya nini?"

Nikafikiri. "Namtoa penye watu. Nakaa naye chini. Siongei mpaka anyamaze."

"Na gari ikiondoka?"

"Iondoke."

"Amesema kichwa kinamuuma kuliko jana, ametapika, anasinzia mchana."

"Narudi hapa naye, hata kwa miguu."

"Kaka yake anataka kumpa pombe ya kumpokea."

"Nakunywa mimi," nikasema, na yule mama akacheka kwa sauti, mara ya kwanza na ya mwisho niliyomsikia.

Tulifika Kama siku ya tatu, mchana, kwa lori jingine. Yaya alinionyesha njia bila kukosea, na moyo wangu ukapanda. Ukashuka hapohapo, maana habari ilikuwa imetutangulia. Ua wa nyumba yake ulijaa watu. Walipotuona, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakagonga masufuria, na kaka yake mkubwa, mtu mnene mwenye udongo mwekundu mpaka magotini, akamkumbatia na kumtikisa huku na huku.

"Tulikulilia, kumbe unanenepa Kindu! Mikono iko, miguu iko! Kesho shimoni, ndugu yangu, kuna ukuta unakungoja!"

Nilimwona yaya anashika masikio. Nikajipenyeza, sikumfikia. Alichukua beseni la wali lililokuwa limeletwa kumpokea, akalitupa ukutani, akamtukana kaka yake tusi ambalo halisemwi mbele ya watoto.

Hapo minong'ono ikaanza. Mtu akasema amelewa. Bibi mmoja akasema wazi, "Huyu si yeye. Wametuletea mwingine." Kaka alikuwa amekunja ngumi.

Mke wake alisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Alikuwa hajasogea tangu tulipoingia. Alinitazama mimi, mgeni, kwa macho yanayouliza.

"Shemeji," nikamwambia, "hajalewa, na si pepo. Ni kelele. Kichwa kimepigwa ndani, kelele inamuumiza kama moto. Watoke tu. Usimuulize kitu. Kaa karibu naye."

Akawageukia watu. "Tokeni," akasema. "Ninyi wote. Na masufuria yenu."

Walitoka, wengine wakinung'unika. Akaketi kando ya mumewe kwenye mkeka, bega kwa bega, wali umetapakaa miguuni mwao. Mimi na kaka tulisimama pembeni. Yaya akaanza kuokota punje za wali, polepole sana. Mwishowe akasema, "Nimemwaga chakula." Mke akasema, "Kipo kingine." Yaya akamtazama mtoto mgongoni mwa mkewe, akauliza kwa wasiwasi, akitafuta maneno: "Homa yake... ilikwisha?"

"Ilikwisha," mke akasema, na ndipo akalia.

Kaka alinivuta mpaka nyuma ya nyumba. Nikamweleza yote, shimo, pombe, usingizi, hasira, miaka miwili. Alisikiliza ameangalia chini. "Nina watu watatu tu," akasema. "Bila yeye ukuta nitaushikaje?"

"Hashuki," mke akasema. Alikuwa ametufuata, hatukumsikia. "Utamtafuta mwingine. Huyu hashuki."

Mke akanigeukia. "Na weye, shemeji, unalala kwa nani?"

"Sijui bado."

"Utalala hapa. Haya uliyosema, nataka kuyasikia tena kesho, na kesho kutwa, mpaka niyaweze."

Akamwambia kaka ahamishe magunia katika chumba cha mpunga. Kaka alienda, nami nikamsaidia. Tulibeba magunia mawili, tukafagia, akaleta mkeka na kuutandika yeye mwenyewe, akiunyoosha pembe kwa mguu. Alipomaliza hakutoka. Alisimama mlangoni akijikuna udongo uliokaukia mkononi.

"Huyo mama wa hospitali," akauliza, "alisema niongee naye namna gani?"

"Polepole," nikamwambia. "Na akitafuta neno, usimmalizie. Mwache alipate."

Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuketi nje, mahali ambapo ndugu yake akitoka angemwona.